Uhamishaji wa Riwaya ya Kutisha katika Filamu na Televisheni: Mtazamo kutoka Simulizi za Hofu za Usukuma, Mkoani Simiyu

1.0 Utangulizi

Uhusiano wa riwaya na filamu umejadiliwa kwa mapana na wahakiki wa Ulaya na Marekani. Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili suala hili bado ni changa, na sababu mojawapo ni uchache wa mifano. Mfano unaotajwa mara nyingi ni filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kutolewa mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo (1999). Hata hivyo, hiyo ni riwaya ya mapenzi na ya harakati za kisiasa Zanzibar. Mhakiki anayetaka kuuliza nini hutokea hofu inapotolewa kitabuni na kupelekwa kwenye kioo, analazimika kuanzia mbali kidogo, yaani kwenye lugha yenyewe.

Makala haya yanakusudia kufanya hivyo. Kwa “riwaya ya kutisha” tunamaanisha kazi ya nathari ambayo lengo lake kuu, au mojawapo ya malengo yake makuu, ni kumtia msomaji hofu ya jambo lisilofahamika: mzimu, jini, msukule, mchawi, zimwi. Riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960) na Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o (1977) zinaingia humu kwa viwango tofauti. Ya kwanza hutumia mzimu kama pazia la uhalifu wa binadamu. Ya pili humweka kijana msomi, Gusto, mbele ya urithi wa uchawi anaoachiwa na baba yake.

Hoja yetu ni kwamba hofu katika nathari ya Kiswahili huundwa kwa kiasi kikubwa na uwezo wa sarufi ya Kiswahili kuficha. Kamera haina uwezo huo. Inapoihamisha riwaya ya kutisha, hulazimika kukata shauri juu ya mambo ambayo mwandishi aliyaacha bila kuyakatia shauri. Tumeichagua Simiyu kwa sababu huko uamuzi huo hauishii kwenye sanaa. Mkoa huu, wenye makao makuu Bariadi, uliundwa mwaka 2012 kwa kumega mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Wilaya zake za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega zimo ndani ya Usukuma, nchi yenye hazina kubwa ya simulizi za hofu, na ambako hofu hiyohiyo imewahi kuua watu halisi.

2.0 Sarufi inayoficha

Tuanze na neno dogo “eti”. Msimulizi anaposema, “Eti yule bibi hupanda fisi usiku,” anafanya mambo mawili kwa pamoja. Analitoa jambo la kutisha hadharani, na papo hapo anajitoa katika dhamana ya ukweli wake. Msikilizaji anabaki na picha ya fisi na mpandaji wake, lakini hajui kama aamini au acheke. Maneno kama “inasemekana”, “yasemwa”, “huenda” na “kama kwamba” hufanya kazi iyo hiyo. Tzvetan Todorov (1970) alidai kwamba fantasia hukaa katika kusita kwa msomaji kati ya maelezo ya kawaida na yale ya nguvu zisizo za kawaida, na kwamba kusita kukiisha, fantasia nayo huisha. Tukikubaliana naye, basi “eti” ni kusita huko kulikotiwa ndani ya neno moja.

La pili ni ngeli. Tuchukue sentensi hii tuliyoiunda wenyewe: “Usiku wa manane kilisimama mlangoni, kikahema, kisha kikaondoka.” Hakuna nomino hata moja inayotaja kilichosimama. Kiambishi ki- kinatuambia tu kwamba msimulizi hakuthubutu kukipa utu. Tukibadili na kuandika “alisimama mlangoni, akahema, kisha akaondoka”, hofu inapungua, kwani sasa tunadhani ni mtu, na mtu anaweza kuulizwa anataka nini. Tukiandika “lilisimama”, ukubwa na ubaya vinaingia. Mwandishi stadi anaweza kuanza aya na “a-”, akahamia “ki-” katikati, na msomaji akashtuka kabla hajajua kilichomshtua. Twadhani hapa pana eneo la utafiti ambalo wanaisimu na wahakiki wangelishughulikia pamoja, badala ya kila upande kukaa katika shamba lake.

La tatu ndilo zito zaidi kwa mjadala huu. Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, Kisukuma kikiwamo, hakitofautishi jinsia katika viambishi vya nafsi. “Mchawi aliingia” haituambii kama aliyeingia ni mwanamume au mwanamke, kijana au mzee. Mwandishi anaweza kuendelea kurasa nyingi bila kutuambia. Mwandishi wa Kiingereza hulazimika kuchagua mapema, au ajipinde kwa shida ili asichague. Kwa hiyo riwaya ya kutisha ya Kiswahili ina uwezo wa kumweka mchawi asiye na umbo, ambaye msomaji anaweza kumhisi katika kila mhusika, hata katika yule anayempenda.

Kamera haina “eti”, haina ngeli, wala haina nafsi isiyo na jinsia. Kinachoonekana kwenye kioo kimetokea. Kikiwa na umbo, ni umbo hilo na si jingine. Na mchawi sharti apewe mwigizaji, mwenye uso, umri na jinsia.

3.0 Ua unaotembea

Kabla hatujarudi Usukuma, inafaa kutazama jinsi wenzetu wa ng'ambo walivyopambana na tatizo hili, kwani wana mifano ambayo riwaya moja imehamishwa zaidi ya mara moja.

Katika riwaya ya The Shining ya Stephen King (1977) kuna bustani yenye vichaka vilivyokatwa na kupewa maumbo ya wanyama. Vichaka hivyo husogea pale tu mhusika anapogeuza macho. Akitazama tena vimetulia, lakini viko karibu zaidi. Kitabuni jambo hili linatisha kwa sababu mwendo wenyewe haumo katika maelezo; umo katika nafasi kati ya sentensi mbili. Msomaji wa Bariadi hahitaji kuelezwa sana. Aliyekulia katika mji wa Kisukuma uliozungukwa na ua wa minyaa, akatoka nje usiku usio na mwezi, anajua kwamba ua una tabia ya kusogea mtu asipoutazama.

Stanley Kubrick alipoitengeneza filamu mwaka 1980 aliwaacha wanyama hao wote, akaweka mahali pao njia za mzingile zilizozungushiwa kuta za mimea, ambamo mtu hupotea. King hakuipenda filamu hiyo na amelieleza hilo mara nyingi. Mwaka 1997 ukatolewa mfululizo wa televisheni ulioongozwa na Mick Garris kwa mswada wa King mwenyewe, na humo wanyama wa mimea wakarudishwa na kuoneshwa kwa msaada wa kompyuta. Matokeo yanajulikana: mfululizo ulioifuata riwaya kwa uaminifu ndio uliotisha kidogo, na filamu iliyoihalifu ndiyo inayoendelea kutazamwa na kufundishwa. Hatusemi kwamba uaminifu ni kosa. Tunachosema ni kwamba Garris alikuwa mwaminifu kwa kile kilichosimuliwa, ilhali Kubrick, kwa kujua au kutojua, alikuwa mwaminifu kwa kile kilichofichwa.

Riwaya ya Shirley Jackson, The Haunting of Hill House (1959), inathibitisha jambo hilo kwa njia nyingine. Robert Wise aliihamisha mwaka 1963 bila kuonesha mzuka hata mmoja. Anatupa sauti za kugonga, na mlango wa mbao unaofura kwa ndani kana kwamba kitu kinausukuma kutoka upande wa pili. Mwaka 1999 Jan de Bont aliihamisha tena, akaonesha karibu kila kitu, na wahakiki wakaicheka. Ikiwa kuna kifaa cha filamu kinachokaribia “eti” ya Kiswahili, ni sauti isiyooneshwa chanzo chake. Mlio wa fisi nje ya ua ni tishio tosha. Fisi mwenyewe akiingizwa kwenye picha, anakuwa mnyama wa kawaida wa mbuga ya Serengeti, tena mwenye sura ya kuchekesha.

4.0 Filamu za kutisha za Tanzania na mtafsiri wa banda la video

Tanzania Bara ilipata vituo vya televisheni mwaka 1994, na mapema katika miaka ya 2000 ikazuka tasnia ya filamu za video zilizotengenezwa kwa muda mfupi na fedha kidogo. Mussa Banzi alikuwa miongoni mwa waliojaribu mapema uwanja wa kutisha, kwa filamu kama Nsyuka na Shumileta. Filamu hizi hazikutokana na riwaya zetu. Zilichota katika imani za mizimu na majini, katika uvumi wa mitaani na katika filamu za Nigeria zilizokuwa zimefurika sokoni. Kwa maneno mengine, tasnia yetu ya kutisha ililiruka daraja la kitabu. Ilitoka katika masimulizi ya mdomo moja kwa moja hadi kwenye picha, na katika kuruka huko ikaziacha nyuma nyenzo za kuficha ambazo masimulizi na riwaya vinazo kwa pamoja. Jini likaonekana, likiwa na rangi usoni na nguo yenye kung'aa. Watazamaji wengi walipenda, na hatuwabezi. Furaha ya kuona ni furaha halali. Lakini furaha hiyo ina jina lake, nayo ni ajabu. Hofu ni jambo jingine.

Tofauti ya ajabu na hofu inaonekana vyema katika visa vya Ng'wanamalundi, yule mfumbuzi wa maajabu wa Usukuma anayesimuliwa kwamba aliunyooshea mti kidole ukakauka. Kidole, mti, ukavu: kamera haipati taabu hapa, kwani kisa chenyewe kinataka kuonekana. Aliyekuwepo aliona, na ndiyo maana anasimulia.

Jambo la kuvutia zaidi lilitokea upande mwingine, katika mabanda ya video. Mtafsiri wa filamu za kigeni, kama vile Lufufu wa Dar es Salaam ambaye kanda zake zilisambaa mbali, hakufasiri mazungumzo tu. Aliisimulia filamu upya kwa Kiswahili juu ya picha, akaongeza maelezo, utani, maonyo na habari za mtaani. Matthias Krings ameichunguza kazi ya Lufufu juu ya Karishika, filamu ya kutisha ya Nigeria ya miaka ya 1990, na kuonesha jinsi msimulizi alivyoitia filamu hiyo ladha ya Kiswahili. Kampala nako wamekuwapo wasimulizi wa aina hiyo, wanaofanya kazi kwa Kiganda. Kwa mtazamo wa hoja yetu, mtafsiri wa banda la video alikuwa akiirudishia picha kile ilichokosa. Shetani yuko kwenye kioo, amekwisha kuonekana, hawezi kufichwa tena. Lakini sauti ya Kiswahili iliyo juu yake inaweza kusema “eti”, inaweza kumdhihaki, inaweza kumwambia mtazamaji asiharakishe kuamini. Uhakiki wetu umekuwa ukiwahesabu wasimulizi hawa kama vichekesho vya mabanda. Sisi tunaona kwamba walikuwa wakilitatua, bila nadharia yoyote, tatizo ambalo mabingwa wa Hollywood wamelihangaikia kwa muda mrefu.

Televisheni kwa upande wake ina jambo moja inaloshiriki na hadithi za magazeti, nalo ni kukatiza. Hadithi inayoishia na “itaendelea” humwacha msomaji wiki nzima na mlango uliofunguka nusu. Mfululizo wa televisheni unaweza kufanya vivyo hivyo, na kwa sababu hiyo twadhani riwaya ya kutisha ina nafasi nzuri zaidi huko kuliko katika filamu ya saa moja na nusu, mradi watengenezaji wavumilie kuuacha mlango nusu.

5.0 Jicho jekundu

Sasa tuingie katika sababu iliyotufanya tuichague Simiyu. Simeon Mesaki, aliyechunguza kwa kina mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi, alionesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma hizo, na sehemu kubwa ya mauaji ilikuwa Usukuma, katika mikoa ya wakati huo ya Mwanza na Shinyanga. Wengi wa waliouawa Usukuma walikuwa wanawake, na wengi wa hao walikuwa wazee. Mauaji yaliendelea katika miongo iliyofuata. Alama iliyotajwa sana na watuhumu ilikuwa macho mekundu. Ni jambo linaloeleweka kwa urahisi kwamba mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, katika nchi ambayo kuni ni adimu, atakuwa na macho mekundu.

Tuitazame alama hiyo kwa jicho la mhakiki wa filamu. Macho mekundu ni alama ya kuonekana. Haihitaji msimulizi. Na picha ya karibu, inayojaza kioo kwa jicho moja, ni mojawapo ya vifaa vikongwe vya filamu ya kutisha. Christopher Lee alipoigiza Dracula mwaka 1958 alivishwa vioo vya macho vilivyoyafanya yaonekane kuvilia damu. Mwongozaji anayehamisha riwaya ya uchawi na kumtafuta mchawi wake atakuta njia imekwisha kutengenezwa: bibi kizee, kibanda, moshi, picha ya karibu ya jicho. Huko Uingereza jicho jekundu la Dracula halikumdhuru jirani yeyote, kwa kuwa hapakuwa na mtaa wenye makabaila wa Transylvania. Maswa au Itilima bibi huyo ana jina, ana kibanda, na majirani zake wameketi mbele ya kioo.

Hatudai kwamba filamu fulani ilisababisha kifo fulani. Madai ya namna hiyo yangehitaji ushahidi wa aina nyingine kabisa, na mauaji yalikuwapo kabla mabanda ya video hayajafika vijijini. Tunachodai ni cha kiuhakiki. Riwaya inaposema “mchawi aliingia”, humwacha msomaji na kiumbe asiye na jinsia wala umri, na hivyo shaka humrudia msomaji mwenyewe na kila mtu aliye karibu naye. Filamu inapomwonesha bibi mwenye macho mekundu akiingia, na kisha ikathibitisha kwa hila za picha kwamba kweli ni mchawi, imekata shauri la kesi kwa kutumia ushahidi uleule uliotumiwa na watuhumu. Uhamishaji hapa haukupoteza taharuki tu. Umegeuza shaka kuwa hukumu.

Mtu anaweza kupinga kwamba Muhammed Said Abdulla naye alikata shauri, tena waziwazi: maiti inakutwa penye mzimu, watu wanatetemeka, Bwana Msa anakuja na kiko chake na kuonesha kwamba muuaji ni binadamu. Ni kweli, lakini shauri lake linaelekea upande wa pili. Linawaondolea mizimu lawama na kuirudisha kwa walio hai wenye masilahi. Riwaya ya namna hiyo inahamishika katika filamu bila hasara kubwa, kwa sababu mwisho wake ni wa kuona: nyayo, vitu, watu. Ugumu uko kwenye riwaya kama Mirathi ya Hatari, ambayo ndani yake uchawi ni halisi kwa wahusika. Lakini angalia nani anarithishwa humo. Ni kijana, ni mwanamume, tena amekwenda shule. Mwongozaji atakayeishika riwaya hiyo kwa makini atalazimika kumtafutia mchawi uso ambao mtazamaji hakuutarajia, na hiyo pekee ingekuwa faida kwa filamu zetu.

6.0 Masala Kulangwa na zimwi

Tumalizie kwa kisa ambacho hakijatoka katika riwaya, lakini ambacho twadhani ndicho shule bora ya mtu anayetaka kuhamisha hofu katika picha Usukuma. Ni ngano ya Masala Kulangwa na zimwi liitwalo Shing'weng'we, ambayo husimuliwa kwa namna mbalimbali. Zimwi limemeza watu wote na mifugo yao. Amesalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika makapi ya nafaka. Anajifungua mtoto wa kiume. Mtoto akikua anauliza watu wako wapi, naye mama anamweleza. Kijana anatoka kwenda kulisaka zimwi. Anarudi na panzi na kumwuliza mama kama huyu ndiye Shing'weng'we. Siyo. Anarudi na ndege. Siyo. Anarudi na swala. Siyo.

Huu ni ufundi wa hali ya juu. Zimwi halielezwi hata kidogo. Linajengwa kwa mfululizo wa “siyo”. Kila mnyama aletwaye huongeza kipimo, na msikilizaji hujipimia mwenyewe ukubwa uliobaki. Na ajabu ni kwamba njia hii inahamishika. Kamera inaweza kumwonesha kijana mlangoni na mzigo wake, ikaonesha uso wa mama, ikasikika “siyo” yake, bila kutuonesha zimwi kwa muda mrefu. Kwa hiyo si kweli kwamba picha haiwezi kukanusha. Inaweza, mradi ipate mtu ndani ya kisa atakayeikanushia.

Hatimaye kijana analiua zimwi na kulipasua, na watu wanatoka wakiwa hai, baba yake akiwa mmoja wao. Katika kupasua, kwa bahati mbaya, kisu kinakata sikio la bibi kizee aliyekuwa ndani. Bibi anakasirika, anataka kumroga mkombozi wake. Mwongozaji yeyote wa leo atashawishika kukifuta kipande hiki. Zimwi limekufa, watu wanashangilia, muziki umepanda. Bibi mwenye sikio lililokatwa anachelewesha mwisho. Au, vibaya zaidi, atamfanya bibi kuwa zimwi la pili, na filamu itapata sehemu yake ya pili.

Ngano haifanyi lolote kati ya hayo. Bibi ana hasira, na hasira yake ina sababu, kwani sikio lake kweli limekatwa. Watu wanamlinda kijana asidhurike. Kisha Masala Kulangwa anatafuta dawa, anamtibu sikio, na baada ya hapo ndipo watu wanamkalisha kwenye kiti cha utemi, na mama yake anapewa heshima ya mama wa mtemi. Katika mpangilio wa kisa, kuua zimwi hakukutosha kumpa utemi. Kulikuwa na bibi wa kutibiwa kwanza. Atakayeipeleka ngano hii kwenye filamu atahitaji kuamua kamera ikae wapi wakati kijana anapopiga magoti na dawa mkononi. Tungependekeza ikae upande wa bibi, nyuma ya sikio lake, ili mtazamaji amwone kijana kama bibi anavyomwona.